Je, Tunapinga Jengo au Tunapinga Jirani?

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani



Tumekusanyika kutafakari jambo ambalo limezusha ubishi mkubwa katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi. Kule Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani yake, leo panainuka majengo ya ghorofa kumi na tano, ishirini na zaidi. Mengine yana maduka chini, ofisi katikati, na makao ya mamia ya watu juu. Wakazi wa siku nyingi wamepinga. Wameandika barua, wameunda vyama, na wengine, kama wale wa Rhapta Road huko Westlands, wamefika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kupinga idadi ya ghorofa zinazojengwa kando yao.

Wengi wetu tumeombwa kutia sahihi zetu katika barua za namna hiyo. Kabla hatujashika kalamu, yatupasa kuuliza haki iko wapi.

1. Malalamiko yenye msingi

Tusiharakishe kuwaita wanaopinga watu wabinafsi. Sensa ya 1999 ilihesabu katika Nairobi watu wapatao milioni 2.1, ile ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Bwawa la Ndakaini, ambalo ni tegemeo kubwa la maji ya mji, lilikamilika katika miaka ya 1990. Ndiyo maana maji hutolewa kwa zamu, na kila jengo jipya huchimba kisima chake, hata maji yaliyo chini ya ardhi yakazidi kushuka. Mabomba ya maji taka yaliyolazwa kwa ajili ya familia moja hayawezi kubeba uchafu wa familia mia. Yakipasuka, maji hayo hutiririka hadi mitoni, na wanaoishi kando ya mito hiyo upande wa chini ni maskini.

Tena tunajua gharama ya kudharau sheria za ujenzi. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Jengo hilo halikuwa na idhini, na lilikuwa karibu mno na mto. Basi anayedai kuonyeshwa vibali hatafuti ugomvi. Analinda uhai.

2. Ukweli wa upande wa pili

Hata hivyo, ukweli nusu si ukweli. Utulivu wa mitaa hiyo una historia yake. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na serikali ya kikoloni ikaugawa mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu katika miinuko ya magharibi na kaskazini, Waafrika wakasongamana upande wa mashariki, Pumwani na kwingineko. Viwanja vikubwa na miti mirefu tunayoipenda ni urithi wa mgawanyo huo. Baada ya uhuru wenyeji walibadilika, lakini mipaka ya viwanja haikubadilika sana.

Leo Kawangware inapakana na Lavington, na Kibera haiko mbali na Kilimani. Bawabu, mpishi na yaya hutoka huko alfajiri kwa miguu. Mji wenye watu wengi na ardhi haba hauna budi kujenga kwenda juu, na si dhambi watu kuishi karibu na mahali wanapofanyia kazi. Anayesema, "Hapa petu watu wametosha," hana budi kutuambia hao wengine waende wapi.

Lakini mjenzi naye asijifiche nyuma ya maskini. Hutangaza kwamba anapunguza uhaba wa makazi, ilhali bei ya nyumba zake haiwezi kufikiwa na bawabu anayelinda lango lake. Hoja ya makazi ni ya kweli pale tu inapomfikia mwenye uhitaji.

3. Mwanga wa Maandiko na wa Kanisa

Tukumbuke Nabothi katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Shamba lake halikunyang'anywa kwa upanga tu. Kulikuwa na barua, kulikuwa na mhuri wa mfalme, kulikuwa na baraza na mashahidi. Taratibu zote zilionekana kutimizwa, na damu ya mtu asiye na hatia ikamwagika. Kumbe mhuri peke yake haufanyi jambo kuwa la haki.

Lakini tusimsome Nabothi tukamsahau Isaya. Katika sura ya tano, nabii anawaonya wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wakabaki peke yao katika nchi. Onyo hilo linamgusa mwekezaji anayenunua kiwanja baada ya kiwanja. Linamgusa vilevile mwenye uwanja mpana asiyetaka jirani.

Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alifundisha kwamba mradi unapopimwa athari zake, wenyeji wa mahali hapo wapewe nafasi ya pekee mezani. Wenyeji hao ni pamoja na wapangaji, wauza mboga wa kando ya barabara, na wafanyakazi wa nyumbani.

4. Njia ambazo sheria imetufungulia

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinampa haki ya makao yanayofaa na maji safi ya kutosha. Haki hizo mbili ni za kusimamiwa pamoja, wala moja isifanywe silaha ya kuiua nyingine. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi kuwaarifu wananchi, ili wenye pingamizi walipeleke kwa kaunti. Tathmini ya athari kwa mazingira hupelekwa kwa NEMA, na asiyeridhika na leseni iliyotolewa anaweza kukata rufani katika Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi. Wengi huamka tingatinga likiwa tayari uwanjani.

5. Maswali kabla ya kutia sahihi

Kwa hiyo, kila jumuiya iletewapo barua ya pingamizi, ijiulize haya:

Kwanza, je, tunapinga jengo au tunapinga jirani? Kama maji, mabomba, barabara na usalama vingepatikana, je, bado tungekataa?

Pili, je, tumemwuliza maoni yake yule atakayeathirika lakini hana hati ya kiwanja?

Tatu, je, tunadai kwa ajili ya mtaa wetu lile tu ambalo tuko tayari kulidai kwa ajili ya Pipeline, Huruma na Mathare? Huko ghorofa zimesongamana hata mwanga wa jua hauingii vyumbani, na ni mara chache wenye sauti walipowaandikia barua.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Chama cha wakazi chenye wakili kikishinda, mara nyingi jengo baya halifi, bali huhamia kwa wasio na wakili. Haki ya namna hiyo bado ni nusu.

Tunapendekeza kwamba kila jumuiya ndogo ndogo ichague watu wawili wa kufuatilia matangazo ya ujenzi, kuomba nakala za vibali na kuhesabu siku za pingamizi. Na kwamba parokia zenye wanasheria na wahandisi ziwapeleke wakazisaidie parokia zisizo nao. Tuingie katika mikutano ya kaunti tukiwa na hoja, wala si matusi. Na tukitoka humo, tuweze kumtazama usoni mwenye nyumba, mpangaji, na yule anayetafuta pa kulala.

Mungu awabariki.