Jani, Unga na Tumbili: Dawa za Kuchangamsha na Mabadiliko ya Tabia

(Mada iliyowasilishwa katika warsha ya wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa mitaa, Mjambere, Kisauni)



Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, jani la kutafuna lenye kuchangamsha, katika Kaunti ya Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu ilikuwa imesimamisha amri za Mombasa na Kilifi, naye Rais akasema muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi. Vibanda vikaendelea na biashara. Wakulima walisikika, wanasiasa walisikika, wazazi pia. Aliyekosa nafasi ni yule mwenye swali dogo: kitu kilicho ndani ya jani lile kinamfanya nini mtu kitabia, tukiweka kando ukosefu wa kazi, njaa na marafiki wabaya? Kwa binadamu swali hilo halijibiki vizuri, maana huwezi kumtoa mtu katika maisha yake ukampima peke yake. Ndiyo sababu watafiti waliwageukia nyani, kima na tumbili.

Kwanza, kitu chenyewe. Kinachochangamsha katika muguka na miraa ni kathinoni, iliyotambuliwa katika majani mabichi na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Umbo lake ni la jamii moja na amfetamini, dawa ya viwandani iliyotengenezwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1887. Jani likianza kukauka, kathinoni hugeuka kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Hii ndiyo siri ya magari ya miraa kukimbia vile barabarani.

Jani basi lina breki zake. Mtafunaji hukaa na shavu limejaa kwa saa nyingi, dawa inaingia kidogo kidogo, na mzigo wa jana hauna thamani. Wanakemia waliziondoa breki hizo zamani: methkathinoni ilitengenezwa mwaka 1928, mefedroni mwaka 1929. Hizi ni unga. Hazinyauki, huvutwa puani au hudungwa, na hufika kwenye ubongo kwa muda mfupi sana. Uingereza mefedroni iliuzwa waziwazi kwa jina la mbolea ya mimea mpaka ilipopigwa marufuku Aprili 2010. Nawaambia haya kwa sababu wapo wanaosema kathinoni ni ya asili, kwa hiyo haina neno, na wapo wanaosema muguka na unga wa kiwandani ni mamoja. Sikubaliani na upande wowote.

Sasa wanyama. Pale Karen, Nairobi, ipo taasisi ya taifa ya utafiti wa nyani, ambayo chanzo chake ni kituo alichoanzisha Louis Leakey huko Tigoni mwaka 1960. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya kuwapa nyani maji yaliyokamuliwa kutoka miraa: homoni ya kiume ilipanda, huku homoni za prolaktini na kortisoli zikishuka. Mabingwa wa maskani wasishangilie mapema. Homoni kupanda kwa nyani si uthibitisho wa nguvu za mume wa mtu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walichapisha kazi nyingine, safari hii kwa tumbili waliopewa kathinoni iliyosafishwa. Kadiri kipimo kilivyoongezwa, tumbili walizidi kuwa wakali, wenye wasiwasi, wakijitenga na kukosa hamu ya chakula.

Nyani na kima wakipewa amfetamini kwa wingi, huonyesha jambo jingine ambalo wahudumu mtalitambua mara moja. Mnyama hushika kitendo kimoja akakirudia bila kikomo: anachokoa manyoya mahali pale pale, anakodolea macho kiganja chake, anazunguka kizimba kwa njia ile ile. Chakula kipo, hakitazami. Kijana anayefumua simu saa nane za usiku na kuiunga tena, kisha akaifumua upya, hana wazimu wa kurogwa. Ubongo wake umejaa dopamini, kemikali ya hamu na msukumo, kupita kiasi, na kitendo kimoja kimekwama.

Je, mnyama akiachiwa hiari atajizuia? Majaribio ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa ya kikatili, na mengine leo yasingeruhusiwa kirahisi. Kima aliwekewa mrija mshipani, akapewa kitufe. Akikibonyeza, dawa inaingia. Walioachiwa kokeini au amfetamini bila mipaka walikesha na kukonda; baadhi walikufa katika siku chache. Mwaka 1978 watafiti Aigner na Balster waliwapa kima wa aina ya rhesus nafasi ya kuchagua, chakula au kokeini, na karibu kila mara kima walichagua kokeini.

Mahubiri mengi ya dawa za kulevya hukomea hapo. Mimi naona ndipo penyewe panapoanzia. Katika majaribio mengi ya aina hiyo mnyama alikuwa peke yake kizimbani, hana jamaa, hana la kufanya ila kitufe. Nader na Woolverton walipoongeza kiasi cha chakula kilichoshindanishwa na dawa, kima walipunguza kuichagua dawa. Haber na Barchas nao waliwapa kima amfetamini wakiwa ndani ya kundi lao: wakubwa wa kundi walizidisha vitisho, wanyonge wakazidisha kunyenyekea. Dawa moja, tabia mbili kinyume.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya Morgan, Nader na wenzao, iliyochapishwa mwaka 2002. Kima 20 walikaa mmoja mmoja, kisha wakawekwa wanne wanne. Walipojipanga kwa vyeo, picha za ubongo zilionyesha kwamba waliopata ukubwa wameongezeka vipokezi vya dopamini, na kokeini haikuwavuta sana. Wa chini, wanaosukumwa na kunyang'anywa, ndio waliojidunga zaidi. Vipokezi vyao vilibaki kama vilivyokuwa.

Kwa hiyo nikisikia kwamba muguka ndio unaowapa vijana wa Kisauni mapanga, nauliza: kijana yupi, wa cheo gani katika kundi lake? Kathinoni inaweza kuongeza ukali, tumbili wametuonyesha. Lakini mnyonge wa kundi, kama kima wa amfetamini walivyoonyesha, dawa ya jamii hiyo inaweza kumfanya azidi kuinama, na huyo hatajwi kwenye taarifa ya habari. Yuko nyuma ya kibanda, hali, halali, na mamake anadhani ametulia.

Kuna jambo la tiba pia. Anayetumia heroini tunaweza kumpeleka akapate methadoni. Kwa dawa za kuchangamsha hakuna dawa mbadala ya namna hiyo iliyokubalika. Zinazosaidia ni mbinu za ushauri na kumpa mtu kitu cha kushindana na dawa, kama kilivyofanya kile chakula kilichoongezwa.

Kwa hiyo mkifika nyumbani kwa mtu, msiulize tu anatafuna pakiti ngapi. Ulizeni anaanza saa ngapi, maana anayeanza kabla ya chai ya asubuhi si sawa na anayetafuna baada ya kazi. Ulizeni anatafuna na nani, na katika hao yeye ni nani: anayeagiza au anayetumwa dukani. Ulizeni amelala lini mara ya mwisho, na alitumia nini kupata usingizi. Wengi humeza vidonge vya usingizi viitwavyo bugizi mtaani ili handasi, yaani ule mchangamko wa jani, iwatoke, na mchanganyiko huo mama wa nyumba haujui kabisa. Uandikeni kwenye daftari zenu, jina la kidonge likijulikana, na kama kuna karatasi yake, ibandikeni hapo.