Kuwa na Waya Si Kuwa na Umeme
(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Tinde)



Leo naomba tuzungumze jambo lililompata mwenzetu mmoja wa darasa hili. Mwenyewe ameniruhusu nilieleze, ila jina lake nisilitaje.

Mwenzetu huyu aliuza dengu zake akanunua kibanda cha bati kilichojengwa juu ya tela. Vibanda vya namna hiyo mnavijua. Kinafungwa nyuma ya gari, leo kipo mnadani, keshokutwa kipo machimboni upande wa Geita. Ndani yake watu huchajiwa simu na kunyolewa nywele. Usiku mwenyewe hulala humo humo. Aliyemwuzia alimwambia, "Hiki kiko tayari kwa sola." Na kweli, waya mbili zilitoka juu ya paa, zikashuka ukutani, zikatokeza penye kisanduku cha betri.

Basi akanunua paneli ya wati 100 na betri ya volti 12. Paneli akaifunga kwenye waya za juu, betri akaifunga kwenye waya za chini. Taa ikawaka. Akafurahi. Baada ya wiki chache betri ikaanza kuchemka na kunuka kama mayai viza. Ubavu ukavimba. Betri ikafa. Akaja kwangu akaniuliza, "Mwalimu, hivi mimi nimeuziwa nini?"

Hilo ndilo swali letu la leo.

"Tayari" maana yake nini?

Mwenzetu asione haya. Huko Marekani watu wana nyumba ndogo za kukokotwa na gari, huenda nazo safarini. Nyingi huuzwa kwa maneno hayo hayo: ziko tayari kwa sola. Mnunuzi akifika nyumbani anakuta kuna waya na tundu la kuchomekea, basi. Paneli hakuna. Mara nyingi hata kontrola hakuna. Nao huuliza kama alivyouliza mwenzetu.

Ndugu zangu, waya ni njia tu. Hapa Tinde tuna njia panda. Barabara moja inakwenda Shinyanga, nyingine Kahama, nyingine Nzega. Lakini barabara si basi. Ukisimama barabarani bila basi hufiki popote. Vivyo hivyo, waya peke yake hautoi umeme, wala haulindi betri.

Kazi ya kontrola

Paneli ya wati 100 ya kuchajia betri ya volti 12 hufanya kazi kwa volti kama 18. Isipofungwa kwenye kitu chochote hufika kama volti 22. Lakini betri ya asidi, inapokaribia kujaa, isipelekewe zaidi ya volti 14.4 hivi. Ikizidishiwa kila siku, maji yake huchemka na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Kontrola hukaa kati ya paneli na betri kama bawabu mlangoni. Betri ikijaa, hupunguza umeme unaoingia. Usiku huzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli. Mwenzetu alikuwa hana bawabu. Ndiyo maana betri ilikufa.

Mambo manne ya kukagua

Ukiambiwa nyumba, kibanda au tela iko tayari kwa sola, usitoe fedha kwanza. Kagua mambo haya:

1. Waya unaishia wapi? Ufuate toka mwanzo hadi mwisho. Kama unatoka paani ukaenda moja kwa moja kwenye betri, jua kontrola haipo. Inunue. Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 5.5, hivyo kontrola ya ampea 10 inatosha. Unapounganisha, funga betri kwanza kwenye kontrola, ndipo ufunge paneli. Unapofungua, toa paneli kwanza.

2. Unene wake ni upi? Soma maandishi yaliyo kwenye ganda la waya. Umeme wa volti 12 unataka waya mnene. Tuchukue mfano wa ampea 10 na umbali wa mita 5 kutoka betri hadi chombo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza njiani kama volti 1.2. Waya wa 6 hupoteza kama volti 0.3 tu. Kwa hiyo nyumba iliyofungwa waya kwa ajili ya TANESCO, umeme wa volti 230, si lazima ifae kwa volti 12. Wati 120 kwa volti 230 ni kama nusu ampea. Kwa volti 12 ni ampea 10.

3. Chanya ni upi na hasi ni upi? Usiamini rangi peke yake. Hata zile nyumba za Marekani, viwanda viwili huweza kutumia plagi ya umbo moja, huyu kaweka chanya huku, yule kaweka kule. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha.

4. Fyuzi iko wapi? Iwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri.

Hilo la nne nalitilia mkazo. Tulipokifungua kibanda cha mwenzetu tulikuta waya umepita kwenye tundu la chuma bila mpira. Tela hutikisika. Ganda lilikuwa limekwisha sugulika, shaba inaonekana. Fyuzi hakuna. Waya ule ungegusa chuma, betri ingesukuma umeme mwingi mno kwa ghafla, waya ungekuwa mwekundu kama kaa la moto. Na mtu amelala ndani! Yeye analilia betri, mimi nilimwambia, "Ndugu yangu, shukuru Mungu. Umepoteza betri tu."

Sasa amebadilisha waya, ametia mpira kwenye tundu, amefunga fyuzi na kontrola. Kazi hiyo alimpa fundi mwenye leseni ya EWURA. Ile fedha ya betri ya kwanza haitarudi.

Kisomo kina faida gani?

Mwaka 1968 mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Ziwa iliyoanza mpango wa kisomo chenye manufaa. Wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, ili wakisoma walime vizuri zaidi. Leo maandishi yapo nyuma ya paneli, ubavuni mwa betri na kwenye ganda la waya. Mwenzetu alijua kusoma. Kosa lake ni kwamba alisikiliza neno "tayari", hakusoma. Sisi tusikilize, halafu tusome.

Maswali ya kuzungumza

1. Kontrola ina kazi gani?
2. Kwa nini fyuzi ikae karibu na betri?
3. Nyumbani kwako kuna waya wa sola? Nenda ukaufuate toka mwanzo hadi mwisho, uandike ulichokiona. Tutasomeana darasani.