Mzigo Hupotea Unapobadilisha Mikono

(Maneno ya ndugu mmoja, mfanyakazi wa reli, mbele ya wanachama huko Kakuma)



Mimi ni mtu wa reli, na reli haifiki huku kwenu. Lakini mzigo ni mzigo, na sisi twajua jambo moja: gunia halipotei garimoshi likienda mbio. Hupotea pale linapobadilisha mikono: bandarini, stesheni, ghalani, na mwisho mezani pa kugawia. Hongo nayo hukaa pale pale.

Tazameni mwaka 2009. Mwezi wa Januari Rais Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la taifa, watu milioni 10 wakihitaji chakula. Wakati ule ule mahindi ya Serikali, yaliyotengwa kuuzwa kwa bei nafuu kwa wenye vinu, yaliangukia mikononi mwa watu wasiokuwa na kinu hata kimoja, nao wakayauza kwa faida. Mama aliyenunua unga dukani hakuombwa hongo na mtu, lakini alilipa hongo ya watu asiowajua.

Hapa Kakuma, tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, watu hungoja zamu: zamu ya posho, ya dawa, ya kuhamia nchi nyingine. Huduma hizo ni za bure. Hata hivyo, mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifichua mtandao huko Nairobi uliowatoza wakimbizi fedha ili wapelekwe ng'ambo. Nafasi za ng'ambo ni chache. Mwenye fedha akinunua moja, hana budi mwingine kuikosa, labda mjane, labda mgonjwa, wala hataambiwa kamwe. Tena mwaka 2025 posho ilipunguzwa, na familia zikagawanywa mafungu kwa kadiri ya uhitaji. Siku hizo kalamu ya mwandika orodha huwa nzito kuliko gunia.

Wengine husema, mshahara ni mdogo, mwache mtu anywe chai. Ndugu zangu, mshahara mdogo tuudai kwa mwajiri; tusiudai kwa mwenye njaa.

Basi tufanyeje? Tarehe 9 Desemba 2003, huko Mérida, Mexico, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia sahihi na kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa. Sahihi peke yake haimzuii mwizi. Lakini tunayo Sheria ya Hongo ya mwaka 2016: mtoaji na mpokeaji wote wana hatia; mwenye madaraka akijua au akishuku hongo ni lazima atoe habari kwa muda wa saa 24; na anayemtisha mtoa habari aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, au kufungwa.

Kazi yetu ni hii. Kwanza, mzigo uhesabiwe mbele ya watu wawili wa idara mbali mbali, wote watie sahihi. Pili, hesabu ya kilichoingia na kilichotoka ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili na Kiturkana. Tatu, asiachwe mtu peke yake. Karani mmoja akikataa hongo, kesho atahamishwa. Wakikataa kumi, na chama kikisimama nyuma yao, atahamishwa nani?

Umoja ni nguvu.