Root ni nani? Maneno kwa vijana wenye kuchunga serveri



Nianze na staji yangu. Nilipotoka chuo kikuu nilifanya staji katika biro moja, bila mshahara, munajua vile inaendaka. Kulikuwa serveri moja ya Linux. Neno la siri la root lilikuwa kwenye karatasi, wamelibandika nyuma ya ekra. Shefu, sekretere, sisi wa staji, wote tuliingia kwa jina hilo moja. Siku moja fishie za malipo zikapotea. Tukafungua kumbukumbu za serveri: root ameingia, root amefuta. Root ni nani? Ni sisi wote! Wakafukuza mwenzangu, kijana mwenye hakukuwa na mtu wa kumutetea. Ushahidi haukukuwa, na mpaka leo hakuna mwenye kuweza kusema kama ni yeye.

Root ni mtumiaji mwenye namba 0. Mashini haimukatalii kitu. Tena jina lake ni moja kwenye karibu kila Linux na Unix, kwa hiyo mwizi anabaki kutafuta neno la siri tu. Kama serveri yenu iko wazi kwenye intaneti kwa mlango 22, angalieni /var/log/auth.log kwenye Ubuntu: mutaona programu za mbali zikijaribu root usiku na mchana.

Basi kila mtu apate konti yake, na akitaka kazi ya mkubwa atumie sudo. Sudo inamuomba neno lake mwenyewe, kisha inaandika jina lake na amri yenye alitoa. Angalisho: mwenye sudo yote anaweza pia kufuta kumbukumbu hizo. Njo maana inafaa kutuma kopi kwenye mashini ingine, yenye yeye hana mamlaka juu yake.

Kisha ufunguo. Kwenye ordinatere yako andika ssh-keygen -t ed25519, uupatie neno la siri. Sehemu ya wazi inaenda kwenye serveri, ile ya siri haitoke kwako, hata rafiki akikuomba. Katika sshd_config tunaweka PermitRootLogin no na PasswordAuthentication no. OpenSSH yenyewe, tangu toleo 7.0 la 2015, inakatalia root kuingia kwa neno la siri, lakini mtu anaweza kuwa amerudisha ya zamani. Amri sudo sshd -T itawaonyesha ukweli.

Hapa musikimbie. Mimi nilikimbia, nikajifungia inje ya serveri ya rafiki siku ya posho, tukangojea mpaka siku ya kwanza. Pimeni na sudo sshd -t, anzisheni huduma upya, muache dirisha la kwanza wazi, mujaribu kuingia kwa dirisha la pili. Ikikubali, njo mufunge la kwanza.

Na mtu akiacha kazi? Wengi wanafanya passwd -l na kwenda kulala. Hiyo inafunga neno la siri tu. Kwa ufunguo wake anaweza kuingia bado. Ondoeni ufunguo, ao mumalize muda wa konti kwa usermod --expiredate 1, siku ile ile.

Wenye wamekuja na ordinatere, wafungue. Tunaanza na ufunguo.