Somo la Kumi na Mbili: Mungu Alituumba kwa Kusudi Gani?



Katika katekisimu yetu kuna swali ambalo mtoto wa miaka saba hulijibu pasipo kusita: Mungu alituumba kwa kusudi gani? Naye hujibu kwamba tuliumbwa ili tumjue Mungu, tumpende, tumtumikie hapa duniani, na mwisho tufike kwake mbinguni. Mwalimu humsifu, kisha huendelea na swali linalofuata. Miaka kumi na mitano ikiisha kupita, mtoto yule yule, sasa kijana mwenye diploma mkononi, huketi barazani kwa wazazi wake akijiuliza: “Mimi naishi kwa ajili ya nini?” Jibu la katekisimu angali analikumbuka, lakini halimsaidii neno, maana haoni namna ya kuyaunganisha maneno yale makubwa na siku zake zilizo tupu.

Leo basi sitayaeleza tena maneno yale. Nataka tuyaone katika maisha ya mtu mmoja wa nchi yetu, mzaliwa wa Goma, kando ya ziwa Kivu. Jina lake ni Floribert Bwana Chui bin Kositi. Jina hilo lasikika kama la shujaa wa hadithi za kale, lakini yeye hakushika mkuki wala bunduki. Kazi yake ilikuwa ya kalamu na muhuri.

Floribert alizaliwa mwaka 1981. Alipokuwa kijana mwanafunzi, mwaka 2001, alijiunga na Jumuiya ya Sant’Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na ambayo watu wake husali pamoja na kufanya urafiki na maskini. Miaka ile haikuwa ya raha mjini Goma. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1998 na vilikuwa havijaisha. Tena mwezi wa Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, nao ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Kijana aliyesema wakati huo, “Niacheni kwanza nijitafutie maisha yangu,” nani angethubutu kumlaumu? Lakini Floribert na wenzake waliwaendea watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo, na ambao wengi huwafukuza kama mbwa. Aliketi nao, akawajua kwa majina, akasaidia wapate kusoma.

Angalieni vema mfuatano wa mambo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hukosea. Sisi husema: “Nitapata kazi kwanza, kisha nitapata cheo, na baadaye maisha yangu yatakuwa na maana.” Floribert aliwatumikia watoto wale akiwa bado mwanafunzi asiye na mshahara. Kusudi la maisha hakulipokea ofisini. Siku alipoajiriwa, aliingia nalo ofisini. Kwa hiyo kijana asiye na kazi asiseme kwamba somo hili ni la wenye mishahara tu. Kukosa kazi ni taabu kweli, wala simwambii mtu aifurahie. Lakini taabu hiyo haina uwezo wa kuyafuta yale ambayo mtu aliumbiwa.

Alipomaliza masomo ya sheria, aliajiriwa katika ofisi ya Serikali ikaguayo bidhaa, ile ambayo twaiita kwa herufi zake O.C.C. Mwaka 2007 alikuwa akifanya kazi hiyo huko Goma, mji ulio mpakani kabisa. Sote twajua mpaka ulivyo. Malori yafika, mizigo yakaguliwa, na chakula kikionekana kimeharibika, mkaguzi huamuru kiteketezwe. Mwenye mali hupata hasara. Ndiyo maana sahihi moja ya mkaguzi yaweza kugeuka kuwa kitu cha thamani kubwa, na wako wengi walio tayari kuinunua. Hawaiiti rushwa, kwa kuwa neno hilo lina aibu. Huiita matabishi, au soda, au shukrani ya ndugu kwa ndugu.

Vilifika vyakula vilivyoharibika, na mchele miongoni mwavyo. Wenye mali walimletea Floribert fedha ili avipitishe. Alikataa. Waliongeza, naye akakataa tena. Rafiki zake wameshuhudia kwamba alimwuliza mtawa mmoja, aliye mganga, kama vyakula vile vyaweza kuwadhuru watu. Jambo hilo dogo lanipendeza sana. Dhamiri njema si kichwa kigumu. Huuliza kwa wenye kujua kabla ya kusimama imara. Na baada ya kupata jibu, alisimama.

Tena tujiulize: mchele ulioharibika, unaouzwa kwa bei ya chini sokoni, hununuliwa na nani? Hununuliwa na mjane mwenye watoto sita, na makombo yake huokotwa na maibobo. Wengine waliona gunia na bei yake. Floribert, aliyekuwa ameketi na watoto wale miaka mingi, aliweza kuona pia vinywa vitakavyokula. Kama asingewajua, labda fedha zile zingekuwa nzito zaidi mkononi mwake.

Mwezi wa Julai 2007 watu walimteka, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Hapo lilizuka swali ambalo hata Wakristu wema waliliuliza. Mfia dini ni yule aliyeuawa kwa kuichukia imani. Hawa hawakumwambia Floribert amkane Kristu. Walitaka mchele upite, basi. Je, aliyekufa kwa sababu ya mchele ni mfia dini? Kanisa lilichunguza kwa makini, na tarehe 25 Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha kwamba ndiyo. Kwa maana Floribert alikataa kwa sababu ya kuwa mtu wa Kristu, na waliomwua walichukia tunda la imani ile. Mti ukichukiwa kwa ajili ya matunda yake, ni mti wenyewe uliochukiwa. Tarehe 15 Juni 2025, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Mji wake wa Goma ulikuwa umetekwa katika vita mwezi wa Januari mwaka ule ule.

Najua wako wanaosema kwa sauti ya chini: “Angechukua fedha, leo angekuwa hai na mwenye kusaidia jamaa yake.” Tusiwacheke watu hao. Nyumba iliyopoteza kijana aliyesoma imepoteza mengi, na machozi ya wazazi si jambo la kupita juu yake haraka. Lakini tukipima maisha kwa wingi wa miaka, tutasema nini juu ya Mwenye Heri Isidore Bakanja, msaidizi wa waashi, aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906 na kufa tarehe 15 Agosti 1909 kwa majeraha ya viboko, kwa kuwa hakukubali kuivua skapulari yake? Alikuwa Mkristu kwa miaka mitatu tu. Na tutasema nini juu ya Bwana wetu mwenyewe? Miaka karibu thelathini alikaa Nazareti, akijulikana kuwa seremala mwana wa seremala, wala Evanjili haitaji kiti kimoja wala mlango mmoja alioutengeneza. Je, miaka ile ilikuwa bure, ikingoja ile mitatu ya kuhubiri? Hakuna Mkristu athubutuye kusema hivyo. Alimtumikia Baba yake penye randa na msumeno kama vile alivyomtumikia penye makutano ya watu.

Katika juma hili, mnapokutana katika jumuiya yenu, someni Evanjili ya Mathayo, sura ya 25, kuanzia mstari wa 31 mpaka wa 46. Kisha kila mmoja awaambie wenzake: ni watu gani watakaokula, watakaoponywa au watakaosafiri kwa sababu ya kazi ya mikono yangu, na je, nimewahi kuwatazama usoni? Asiye na kazi aeleze ni nani katika mtaa wake asiyeitwa kwa jina na mtu yeyote.

Somo lijalo litahusu dhamiri na namna ya kuilea.