Mtoto Akilia Mchana, Nani Anamsikia?



Alfajiri mama ashatoka, anaenda Dunga kutafuta samaki ama anapanga nyanya zake Kibuye. Mtoto wa miaka 2 kaachwa kwa mlezi Nyalenda, chumba kimoja cha mabati, wenzake kumi na kitu. Jioni tunauliza: amekula? Amelala? Basi. Nani alimbeba alipolia, hatuulizi.

Uliza. Mtoto wa umri huo hajui kusema "naogopa". Atauma wenzake, ataanza tena kukojoa kitandani, ama atanyamaza kabisa, na huyo wa kunyamaza ndiye tunamsifu eti ana adabu! Mwangalie mara mbili. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia manyumbani usiku hapo hapo Nyalenda, na Baby Pendo wa miezi 6 akapigwa, akafa. Hofu ya usiku kama ule haiishi moshi ukiisha.

Mlezi afanye nini? Ainame, amtazame mtoto machoni, amuite jina, amtajie anachohisi: "Umekasirika, amekuchukulia mpira." Halafu amshike. Wimbo uleule kabla ya uji kila siku, maana mtoto akijua kinachofuata hutulia. Na wewe mzazi, ukiondoka aga. Usitoroke. Mtoto aliyetorokwa hushinda akichunga mlango. Fimbo hapana: Kifungu cha 53 cha Katiba kinamkinga mtoto na kila aina ya ukatili, hata kwa mlezi.

Lakini tuseme ukweli, mtu mmoja na watoto kumi na tano, analipwa kwa kubahatisha, atamuinamia nani? Lawama isimwendee yeye peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti kazi ya vituo vya kulelea watoto, sawa na chekechea. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kwenye vikao vya maoni tunazoea kuomba barabara na taa. Safari hii simama, mwakilishi wa wadi akiwa amekaa pale, uulize: walezi wa wadi yetu waliofunzwa ni wangapi, na pesa yao iko mstari gani?

Nenda na mlezi wenu. Mshikie watoto, yeye aongee.