Kabla ya Mahakama, Makaratasi: Tunachojifunza kwenye Kesi ya Hissène Habré



Tukigusa suala la kuwashtaki marais wa zamani, mjadala wetu hukimbilia The Hague na kukwama huko: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) inawaonea Waafrika, haiwaonei. Naomba leo twende Dakar. Mei 30, 2016, Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu na utesaji. Mahakama maalumu iliyomhukumu iliundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika, na jaji kiongozi, Gberdao Gustave Kam, alitoka Burkina Faso.

Hoja yangu ni kwamba mahakama ilikuja mwisho. Kilichotangulia ni ushahidi, na waliouhifadhi hawakuwa na cheo chochote. Souleymane Guengueng, mhasibu aliyeteswa katika magereza ya Habré, alipotoka alianza kukusanya maelezo ya wenzake, akayaficha nyumbani kwake. Yalifika 792. Kisha mwaka 2001, watafiti wa Human Rights Watch waliingia katika ofisi zilizotelekezwa za DDS, polisi ya siri ya Habré, mjini N'Djamena, wakakuta maelfu ya nyaraka yametapakaa sakafuni. Majina ya watu 1,208 waliofia kizuizini yalipatikana humo.

Kuna karatasi moja inayostahili kufundishwa katika vyuo vyetu vya sheria. Msalaba Mwekundu uliomba wafungwa wa vita waliokuwa wagonjwa wapelekwe hospitali. Juu ya ombi hilo kuna maagizo ya mkono: tangu sasa mfungwa wa vita asitoke gerezani, labda awe amekufa. Mtaalamu wa miandiko aliieleza mahakama kuwa mwandiko huo ni wa Habré. Ule utetezi wa kila siku, kwamba mkubwa hakujua wadogo wanafanya nini, hapo unabaki na nini?

Hata hivyo haki ilikawia. Malalamiko yalifunguliwa mwaka 2000 huko Dakar, alikokimbilia Habré. Mwaka uliofuata mahakama za Senegal zikasema hazina mamlaka. Waathirika wakageukia Ubelgiji. Umoja wa Afrika ukaitaka Senegal imshtaki mwaka 2006, danadana zikaendelea. Ilibidi Mahakama ya Kimataifa ya Haki iamue, Julai 2012, kwamba Senegal imshtaki bila kuchelewa au imkabidhi kwa nchi nyingine itakayomshtaki. Nchini Senegal kwenyewe, mwaka huohuo, rais alikuwa amebadilika, na sidhani kama hilo lilikuwa jambo dogo.

Fidia ndiyo inayotia uchungu. Mahakama ya rufaa iliamuru mwaka 2017 zaidi ya faranga za CFA bilioni 82, lakini mali iliyopatikana kwa Habré haikukaribia kiasi hicho. Alifariki Agosti 2021 akiwa bado mfungwa.

Sisi Afrika Mashariki hatuko mbali na haya. Arusha ndiko Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, alikohukumiwa maisha mwaka 1998 kwa mauaji ya kimbari. Arusha hiyohiyo ni makao ya Mahakama ya Afrika, ambayo Itifaki ya Malabo ya Umoja wa Afrika ya 2014 inataka kuiongezea mamlaka ya jinai, huku ikimpa kinga rais aliye madarakani. Mwenye damu mikononi anaambiwa wazi kwamba usalama wake ni kung'ang'ania kiti. Kifungu hicho cha kinga, 46A bis, ningependa washiriki tukijadili kwanza.